Neno Nililoliacha Muscat

Kila nikiingia ukumbini pale Tudor mnaniuliza, Zuhura, vipi Muscat? Ulimwona Ruolan? Nami najibu nilimwona, halafu nainama kufunga kamba za viatu. Basi leo nawaandikia yote kwa mkupuo mmoja ili mniache nicheze kwa amani. Wenye haraka ya kujua nani alishinda watasubiri, kama nilivyosubiri mimi Addis Ababa.

Kwanza kwa wale waliojiunga nasi juzi na hawamjui. Ruolan ni Mchina aliyekulia hapa kwetu. Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi bandarini, na mtoto aliletwa Mombasa ana miaka kumi, hajui hata kuomba maji. Kiswahili nilimfundisha mimi. Badminton alinifundisha yeye, maana alikuja nayo mkononi. Tukacheza upande mmoja, mimi na yeye, miaka mitano. Alikuwa na mkono mwepesi ambao sijauona tena, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuuacha mpira. Ule mpira wa manyoya ukiwa unakwenda nje waziwazi, umeshaupita mstari, yeye ataukimbilia tu na kuupiga. Jicho la mstari hana. Jicho lake lilikuwa mimi. Uwanjani tulikuwa na maneno matatu, "Wangu", "Wako" na "Wacha". Nikisema wacha, anashusha raketi, mpira unaanguka nje, pointi yetu.

Alipofika miaka kumi na mitano wakamrudisha kwao na kumtia shule ya michezo. Asubuhi mazoezi, mchana masomo, jioni mazoezi. Wakampima urefu, wakamwambia mchezo wa mtu mmoja mmoja ausahau, yeye ni wa wawili wawili. Mwaka wa kwanza alikuwa analia kwenye simu, ananiambia wenzake wanamcheka namna anavyoshika raketi. Halafu akapewa mwenzake, Jiayi, msichana mrefu wa mkono wa kushoto, na kilio kikaisha. Wakashinda mashindano ya vijana ya jimbo lao. Wakaitwa timu ya pili ya taifa. Ruolan akaumia kifundo cha mkono, akakaa benchi msimu mzima, na huyo Jiayi akakataa kupangwa na mtu mwingine mpaka apone. Miaka mitatu sasa kila picha ni wao wawili, wamekumbatiana, medali shingoni. Mimi nilikuwa naziangalia picha hizo na kuona gere, sitaki kuwadanganya. Gere la medali lilikuwa dogo. Gere kubwa lilikuwa la ule mkono wa kushoto uliozunguka shingo ya Ruolan.

Kisha ukaja ujumbe wake: "Zuu, tunakuja kucheza Muscat. Njoo. Makocha wamesema nikiendelea kupiga mipira ya nje watanitenganisha na Jiayi. Tusipofika fainali Muscat, kila mtu anapewa mwenzake mpya."

Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mombasa hadi Addis

Ndegeni nilikaa na mwanamke mmoja wa Bungoma, jina lake Nekesa, anayefanya kazi ya usafi katika hoteli kubwa kule Bustan, Muscat. Alinitazama ushungi wangu na begi langu dogo, akaamua hapo hapo kwamba ninakwenda kuwa mfanyakazi wa ndani. Hakuniuliza. Alianza tu kunipa mawaidha. Nisikubali mtu akae na pasipoti yangu, nilale chumba chenye mlango unaofungwa, madamu akinipandishia sauti nisijibu siku hiyo, nijibu kesho yake. Alisema kwa upendo hata nikaona haya kumkatiza, na kadiri nilivyochelewa kusema ukweli ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu kusema.

Addis kulikuwa na ukungu na mvua. Ndege yetu ya pili ikaondoka bila sisi, sijui kwa sababu gani, maana muda mfupi kabla ya hapo tuliiona kwa macho yetu ikiwa imeegeshwa pale pale. Tukapewa karatasi za chakula. Tukala injera na shiro, Nekesa akinionyesha namna ya kumega bila kujichafua, na kati ya tonge na tonge akaniombea kwa Yesu nipate bosi mwema. Hapo nikashindwa. Nikamwambia dada, mimi sendi kazini, nakwenda kumtazama rafiki yangu anacheza badminton.

Alimaliza kwanza kulamba vidole. Akauliza kama huyo rafiki ni mchumba. Nikamwambia ni msichana, Mchina, tulicheza pamoja utotoni, na sasa ana mwenzake mwingine.

"Sasa wewe unaenda kumshangilia, ama unaenda kuvunja ndoa ya watu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tulikaa pale siku nzima, tukaondoka kesho yake, na muda wote huo Ruolan alikuwa Muscat anacheza raundi za mwanzo bila mimi. Walishinda zote. Nilipopata habari nilimtumia maua kwenye simu, nikiwa nimenuna.

Madinat Sultan Qaboos

Nilifikia kwa Bi Khadija, binamu wa marehemu bibi yangu. Alizaliwa Unguja, akaletwa Muscat kigori, na nyumba yake iko Madinat Sultan Qaboos, nyumba nyeupe yenye ua na paka wengi. Nilimwamkia shikamoo pale mlangoni, akaniitikia marahaba, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku. Kabla sijanawa mikono nilikuwa nimeshataja baba, babu na mama wa babu.

Nilitaka kwenda uwanjani saa ile ile, walau niwaone wakifanya mazoezi. Bi Khadija hakutaka hata kusikia. Meza ilikuwa imejaa boko boko, mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga na tende, na kila nikisema alhamdulillahi nimeshiba anachukulia kwamba namsifia mpishi na kuniongeza. Mpishi mwenyewe ni yeye. Nikala mpaka nikaona usingizi. Nilipozinduka jua lilikuwa limeshashuka na mazoezi yamekwisha. Aliponiuliza huyo Mchina wangu ni nani hasa, nilimsimulia yote, hata la picha na ule mkono wa kushoto. Alisikiliza akimkuna paka mmoja kichwani.

"Una donge, mjukuu wangu," alisema. "Nna miaka mingi, nnalijua donge nikiliona."

Kupitia Mutrah

Nusu fainali ilikuwa asubuhi. Bi Khadija akasema atanipeleka yeye mwenyewe, tena atakaa atazame. Anaendesha gari kubwa, analiendesha taratibu mno, na kila anayempita anamwombea dua huku akimsema. Nikajua tutachelewa kidogo. Sikujua kwamba badala ya kuelekea uwanjani angeshika njia ya upande mwingine kabisa.

Kumbe ameona si adabu kwenda kwa wageni mikono mitupu. Lazima halua, na halua lazima itoke kwa mtu wake Mutrah, jirani na Bandari ya Sultan Qaboos. Nikamwambia nimeshaleta zawadi, mfuko mzima wa mabuyu mekundu, Ruolan aliyapenda hayo kuliko chakula. Akasema mabuyu ni yangu, halua ni yake. Siku hiyo ilikuwa imetia nanga meli kubwa ya watalii, na barabara yote ya ufukweni ilikuwa imejaa Wazungu wenye kofia wanaovuka bila kutazama. Mtu wa halua naye akatukalisha, akatuonjesha, akauliza habari za watu waliokwisha kufa. Mimi mguu mmoja ulikuwa nje ya duka. Nilijaa hasira, na sikuweza kuufungua mdomo mbele ya mtu mzima anayenifanyia hisani.

Viti vya juu

Tulipoingia, seti ya kwanza ilikuwa inaishia. Ruolan na Jiayi walikuwa wanacheza na wasichana wawili kutoka India, na nusu ya ukumbi walikuwa Wahindi wa Muscat wamekuja kushangilia wa kwao. Tukapata viti vya juu, pembeni, upande wa pili wa uwanja kutoka kwa Ruolan. Miaka mitano sijamwona kwa macho. Mabega yamepanuka, nywele amezikata, lakini kile kimguu cha kulia bado anakigonga chini kabla ya kuanzisha mpira.

Halafu nikasikia.

"Wako! Wako!"

Aliyepiga ukelele hakuwa Ruolan. Alikuwa Jiayi. Ruolan akaruka, akapiga, mpira ukarudi, na Jiayi tena: "Wangu!" Kiswahili chetu cha Tudor, kwenye mdomo wa mtu asiyejua hata salamu yake. Nilihisi kama nimemkuta mtu njiani kajifunga kanga yangu.

Bi Khadija akanishika mkono. "Hebu! Hawa Wachina wanasema Kiswahili?"

Hakuwa peke yake kusikia. Muscat si Beijing. Mbele yetu kulikuwa na familia nzima ya watu wenye asili ya Unguja, na akina mama wawili wa Kikenya upande wa kushoto, na wote waligeukiana wakicheka. Kijana mmoja akaanza kupaza sauti nao, "Wako! Wako!", ukumbi ukachangamka. Mimi sikucheka. Niliona hayo maneno yameshakuwa ya kila mtu.

Seti ya kwanza Ruolan na Jiayi wakaichukua, wakabadilishana pande na kuja upande wetu. Ya pili ikawa ngumu, na ule ugonjwa wa Ruolan ukajitokeza. Akapiga mpira wa nje mmoja, wa pili, wa tatu. Kila mara Jiayi anampigia ukelele "Wacha!" na kila mara Ruolan anaupiga kana kwamba hakuambiwa kitu. Kocha wao alikuwa anahangaika na kiti chake, anakaa, anasimama. Wahindi wakawa wamebakiza pointi moja kuichukua seti. Mpira ukapigwa juu, mrefu, ukaja upande wetu, unaelekea mstari wa nyuma. Ruolan anarudi kinyumenyume, raketi juu. Nikauona unatoka. Nawaapia, kutoka pale nilipokaa niliuona unatoka.

Sikukumbuka kwamba niko kwenye viti. Nilisimama nikasema, "Wacha."

Ruolan akashusha raketi.

Mpira ukaanguka juu ya mstari, ndani. Mwamuzi wa mstari akaunyooshea mkono chini. Seti imekwenda. Nilikuwa nimeutazama kwa pembe, kutoka pembeni na juu, na mstari unadanganya ukiutazama hivyo. Ruolan hakuutazama mpira. Alikuwa amegeuka ananitafuta kwenye viti, macho yamemtoka, mpaka akaniona. Na mimi, badala ya kuona haya, moyo uliniruka kwa furaha. Amenisikia mimi. Kati ya ukelele wote ule, amenisikia mimi.

Jiayi naye alikuwa ameniona.

Akaja mtu wa usalama kuniambia nitoke. Bi Khadija akasimama akazungumza naye kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini na maneno mengi, na sikujua alimwambia nini, ila yule bwana aliondoka akimwomba radhi. Seti ya tatu nilijaza ncha ya mtandio mdomoni nikaiuma mpaka mwisho. Ruolan na Jiayi walishinda kwa tofauti ndogo sana. Nilipiga makofi shingo upande.

Bustan

Timu yao ilikuwa imefikia hoteli ile ile ya Nekesa, kule Bustan. Nilimpigia simu, akatuelekeza tuingilie wapi na tukae wapi, bustanini kwenye upande wa bahari, akapita mara moja na kigari chake cha mashuka kunikonyeza.

Ruolan alikuja mbio. Alinikumbatia, akanukia dawa ya misuli, akasema "Zuu, Zuu," kisha Kiswahili kikamgoma akacheka. Jiayi alikuja nyuma yake polepole. Nikatoa mabuyu. Ruolan alipoyaona alitia mkono ndani ya mfuko kama mtoto, akachukua buyu moja, na kabla hajalifikisha mdomoni, Jiayi akamshika kiganja, akalitoa buyu, akalirudisha, akaufunga mfuko na kunirudishia.

Nilitaka kumrushia usoni. Bi Khadija aliukanyaga mguu wangu chini ya meza. Ruolan ndiye aliyenieleza, amejaa haya, kwamba hawaruhusiwi kula chochote kutoka nje, hata peremende, kwa sababu ya vile vipimo vya damu na mkojo, na wakimkuta na kitu kisichojulikana mchezo wake umekwisha. Jiayi hana ubaya. Halua nayo ikabaki ndani ya kopo lake.

Kisha Jiayi akasema jambo kwa Kichina, refu, akinitazama mimi muda wote. Ruolan akainama chini. Nikamwambia atafsiri. Akakataa. Nikamwambia tena.

"Anasema nikibanwa Kichina hakinijii," Ruolan alisema. "Nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili, yeye haelewi, tunagongana. Kocha alinikataza, nikashindwa. Basi yeye akajifunza. Anasema miaka mitatu ananiambia wacha, sijaacha hata mara moja. Leo wewe umesema mara moja, tena umekosea, na nikaacha." Akamtupia jicho Jiayi. "Anasema anakuonea wivu."

Miaka mitatu nilikuwa nikimwonea donge mtu huyu kwenye simu, na yeye huko alikuwa ananionea mimi, bila hata kuijua sura yangu. Nilidhani nitafurahi kusikia hivyo.

Jiayi akasema tena, kifupi. Hili Ruolan alilitafsiri haraka: "Anaomba umfundishe kulisema hilo wacha."

Sasa jamani, hapa ndipo penyewe. Kesho yake ni fainali. Kufika fainali walikuwa wameshafika, lakini Ruolan aliniambia kocha amechukizwa na ile mipira ya nje, na ameshasema wakishindwa kwa ugonjwa ule ule, hata fainali haitawaokoa. Nikinyamaza, huenda wakaachana. Nikimpa neno hilo, mimi kwa Ruolan sitakuwa na changu tena.

Mara ya kwanza nilimfundisha vibaya, kwa makusudi. Nilimwambia apandishe sauti, akaze. Akarudia vile vile kwa utiifu, "Wachá!", mara nne, tano, anatoka jasho, na Ruolan alikuwa ananitazama tu. Ananijua. Bi Khadija naye aliacha kunywa chai yake.

Basi nikamwambia Jiayi hapana, nimekosea. Nikamwonyesha. Ukipiga ukelele, Ruolan anasikia ukelele kama wa watu wengine wote, na hofu yake inapanda. Neno lenyewe linashuka. Unalisema mapema, mpira ukiwa bado unapanda, kwa sauti nzito, kama unamwambia mtoto aache kisu. Halafu unanyamaza. Huongezi la pili. Nilimsogelea, nikamwekea kiganja kifuani ili ajue sauti itokee wapi.

Alijaribu, akajaribu. Ruolan alichoka kutusikiliza, akageuka kujimiminia maji. Jiayi akasema, chini chini, "Wacha."

Mkono wa Ruolan ukasimama, jagi liko hewani.

Tulitazamana wote. Ruolan akaliweka jagi mezani kwa uangalifu, akasema kwamba amesikia baridi mgongoni.

Fainali

Kesho yake Bi Khadija hakupitia popote. Tulifika kabla hata taa hazijawashwa zote. Tulikaa viti vile vile vya pembeni, na yule mtu wa usalama alikuja kutuamkia.

Sitawasimulia fainali yote, video mtaziona. Niwaambie la mwisho tu. Seti ya tatu, Ruolan na Jiayi wanahitaji pointi moja. Mpira ukapigwa juu, mrefu, unakuja upande wetu, kama ule wa jana. Ruolan anarudi kinyumenyume, raketi juu. Mimi nilikuwa nimeuma mtandio, lakini moyoni nilikuwa nimeshasema. Na nikalisikia likisemwa, zito, mapema, linashuka. Hata Bi Khadija aligeuka kunitazama mdomo.

Ruolan akashusha raketi. Mpira ukaanguka nje, karibu na viatu vya mwamuzi wa mstari.

Jiayi alimrukia wakaanguka wote wawili sakafuni. Ukumbi ulisimama. Wale wa Unguja waliokuwa mbele yetu wakawa wanapiga vigelegele. Mimi nami nilisimama, nikasubiri. Jana aliposhusha raketi aligeuka akanitafuta mpaka akaniona. Nilikuwa nimeshainua mkono nimpungie.

Walisimama, wakapeana mikono na wapinzani wao, wakamfuata kocha, wakaingia mlangoni wameshikana. Mkono wangu bado uko juu.

"Mbona leo hakukutafuta?" Bi Khadija aliniuliza.

"Hakuwa na haja, Bibi."

Alinishusha mkono yeye mwenyewe, akaubana kwapani mwake, tukaenda zetu garini. Njia nzima aliendesha taratibu na magari yakatupita, na sikuwa na haraka ya kufika popote. Mabuyu nilimwachia yeye.